Maji ya Majivu

Baba alipotoka kliniki ya figo alipewa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa orodha ya dawa. Hiyo aliisoma mwenyewe, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati. Ya pili ilikuwa orodha ya vyakula, nayo alinikabidhi mimi bila kuitazama. Ndizi, maparachichi, viazi vitamu, magimbi, maharage, mchicha, nyanya, maziwa, chumvi, magadi. Karibu kila kilichoota kuanzia mlangoni petu hadi ukingo wa mfereji kilikuwa katika safu ya kuepukwa au ya kupunguzwa sana.

Daktari alituelezea kwa utulivu. Figo za baba zilikuwa zimebakiwa na nguvu kidogo. Zikitunzwa kwa dawa na chakula, angeweza kuendelea kuishi nyumbani kwake, mlimani juu ya Maore, pengine kwa miaka kadhaa. Zikielemewa, angehitaji mashine ya kusafisha damu, na mashine hiyo iko Moshi. Hatari mbili kubwa zilikuwa chumvi na potasiamu: chumvi kwa sababu ya shinikizo la damu, potasiamu kwa sababu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Baba alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo nikila vizuri, nabaki kwangu?"

"Ukila kwa uangalifu, mzee."

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliishi katika nyumba za shule, akihamishwa kutoka kata moja hadi nyingine, na nyumba yake mwenyewe aliimaliza akiwa na mvi. Tangu mama afariki alikuwa akiishi humo na mdogo wake, shangazi yangu, mjane aliyepanda kutoka Ndungu, bondeni, kuja kumpikia. Kila jioni baba alizunguka nyumba ile akigusa kona zake, kama mtu anayekagua daftari la mwanafunzi.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, katika sayansi ya udongo. Nilikuwa nimemaliza kukusanya sampuli katika mashamba ya kahawa na migomba ya Ugweno, na nilichobakiza ni kuandika. Kuandika kunaweza kufanyika popote penye meza, kwa hiyo nikarudi nyumbani na kuitwaa ile karatasi ya pili kana kwamba ni mada ya utafiti niliyopangiwa. Nilitengeneza jedwali katika daftari la kurasa kubwa: chakula, kipimo, namna kilivyoandaliwa, chumvi, potasiamu. Nilipima mchele kwa kikombe na nyama kwa mizani ndogo niliyoinunua Same. Viazi nilivikata vipande vyembamba, nikaviloweka, nikavichemsha, nikamwaga maji, nikavichemsha tena. Maharage niliyaloweka tangu jana yake na kubadilisha maji mara tatu, kwa sababu potasiamu hutoka na maji yanayomwagwa.

Shangazi alinitazama nikimwaga sufuria ya tatu nje ya mlango wa jiko.

"Ladha yote umewapa kuku," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa, shangazi."

"Sawa. Ila kuku hawaumwi."

Baba naye alivumilia kwa majuma mawili. Alikula wali wa Ndungu usio na chumvi, kabichi iliyochemshwa mara mbili, kipande cha kuku kilichotiwa tangawizi kutoka shamba la jirani. Kisha akaanza kuacha chakula. Hakulalamika, alisogeza sahani mbele kidogo na kusema ameshiba. Alikonda mabega. Siku moja nilimkuta ameinama juu ya daftari langu, miwani puani.

"Hii nyumba sasa inapikiwa kwenye daftari," alisema. "Makande yako safu ya ngapi?"

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani makande ni mahindi na maharage tu. Kwa baba makande yalikuwa ndicho chakula, na vingine vyote vilikuwa vya kusubirishia. Mtaalamu wa lishe wa kliniki alikuwa ameruhusu kiasi kidogo, mara mbili kwa juma, mradi maharage yalowekwe kama nilivyoelekezwa. Lakini mahindi yetu ni magumu, na yasipotiwa magadi huchemka kutwa na bado hukwama kwenye meno. Magadi yalikuwa katika orodha ya marufuku: ni sodiamu, na sodiamu ni chumvi kwa jina lingine. Nilipika bila magadi. Baba alitafuna kijiko kimoja kwa muda mrefu sana, akakitema taratibu kwenye kiganja, akaniangalia kwa aibu kama mtoto.

Siku iliyofuata shangazi aliniita jikoni. Alikuwa na kopo kuukuu lililotobolewa chini kwa msumari, limejaa majivu hadi nusu. Alimimina maji juu yake, na chini, katika bakuli, yakaanza kudondoka maji ya rangi ya chai nyepesi.

"Bibi yako alipika hivi kabla magadi hayajazoeleka dukani," alisema. "Haya hayatoki dukani. Yanalainisha kama magadi, wala si magadi. Lakini mimi si daktari. Wewe ndiye umesoma. Yafaa au hayafai?"

Nakumbuka vizuri namna nilivyolichukulia swali lake, maana nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko swali lolote la mtihani. Nilimwuliza kama kuna chumvi ndani yake. Akasema hakuna. Nikamwuliza kama kuna magadi hata kidogo. Akasema hakuna. Nilichovya ncha ya kidole, nikaonja: yalikuwa machungu kidogo na yenye utelezi, bila uchumvi wowote. Nikafungua daftari, nikaandika "maji ya majivu", na katika safu ya chumvi nikaweka sifuri. Safu ya potasiamu niliiacha wazi, kwa sababu nilidhani swali lilikuwa la chumvi.

"Yanafaa," nilimwambia.

Hayakuwa majivu ya kuni, nami nililijua hilo. Yalikuwa majivu ya maganda makavu ya ndizi. Na mezani sebuleni, hatua zisizozidi kumi kutoka pale tulipokuwa, kulikuwa na sura ya tatu ya tasnifu yangu, ambamo nilikuwa nimeandika, kwa sentensi ndefu yenye marejeo manne, kwamba mkulima wa Ugweno anayemwaga majivu ya maganda ya ndizi kwenye mashina ya kahawa anaurudishia udongo potasiamu kwa wingi kuliko karibu kitu kingine chochote alichonacho nyumbani. Nilikuwa nimeiandika asubuhi ileile au asubuhi iliyotangulia. Nimejaribu kukumbuka ni ipi kati ya hizo, nami sijui kwa nini inanisumbua kutojua.

Kwa hiyo niliyaloweka maharage usiku kucha, nikamwaga maji yake mara tatu ili kuitoa potasiamu, kisha nikasimama kando nikimtazama shangazi akiirudisha kwa kikombe.

Makande yaliiva. Baba alikula, akaomba kuongezewa kijiko kimoja, nami nikamnyima kwa kufuata kipimo, na sote watatu tukacheka. Kwa kuwa hatimaye alikuwa anakula, mara mbili kwa juma zikawa mara tatu, na mara tatu zikawa nne. Niliandika kila moja. Mabega yake yakajaa kidogo. Alianza tena kuteremka hadi mferejini.

Ni katika majuma hayo ndipo kaka yangu mkubwa, fundi sanifu wa barabara anayeishi Moshi na mkewe, alipopiga simu na wazo lake. Alitaka sote twende mapumziko pwani, upande wa Tanga, siku tatu, katika hoteli iliyo ufukweni. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kwenda mahali kwa ajili ya kupumzika tu. Tulisafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa shule na kwa hospitali.

"Nikalale kwenye mchanga?" baba aliuliza kwa sauti kubwa simuni. "Nimekosa kitanda?"

"Baba, ni mapumziko."

"Nilishastaafu. Nipumzike mara ya pili?"

Lakini gulio lililofuata aliteremka Maore, akarudi na bukta ya kitani ya rangi ya maziwa, ya mtumba, akaificha chini ya godoro. Shangazi aliiona alipotandika kitanda, akaja kuniambia huku ameziba mdomo kwa kanga.

Jumapili moja, kanisani, waumini waliposimama kuimba, baba alibaki ameketi. Nilidhani amechoka. Kisha nikaona anajaribu kusimama na miguu haimwitikii. Mikono yake imeshika mgongo wa benchi la mbele, na uso wake una mshangao wa mtu aliyesahau jambo rahisi. Tuliteremshwa kwa pikapu ya jirani hadi Maore, tukapelekwa Same, na kutoka Same gari la wagonjwa likatufikisha Moshi. Njiani niliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake. Mapigo yalikuja, yakakawia, yakaja mawili kwa pamoja.

Usiku ule walimuunganisha na mashine. Asubuhi daktari alituambia kwamba potasiamu ilikuwa imepanda mno, moyo ulikuwa karibu kusimama, na figo zilizokuwa zimebakiwa na nguvu kidogo sasa hazikuwa na nguvu ya kutegemewa. Kuanzia hapo angehitaji mashine mara mbili kwa juma.

Mtaalamu wa lishe wa wodi, binti wa umri wangu, aliomba daftari. Tulisimama naye kwenye korido: mimi, kaka yangu, na shangazi aliyekuwa amefika kwa basi la alfajiri akiwa na chupa ya chai na mkate aliouoka nyumbani. Alikuwa amenikatia kipande, nami nilikuwa nikikila, kwa kuwa sikuwa nimeonja kitu tangu jana. Binti yule alifuatilia mistari kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa. Alinisifu. Alisema hajawahi kuona familia iliyoandika kwa makini hivi. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa. Maji ya majivu. Majivu ya nini?"

"Maganda ya ndizi," nilijibu, na kabla sijamaliza kulitamka neno la mwisho nilikuwa nimeelewa.

Aliweka kalamu chini. "Hiyo ni potasiamu tupu, dada."

Kaka yangu aligeuka. Hakuwa amelala usiku kucha. "Nani ametia majivu kwenye chakula cha mgonjwa?"

"Mimi," alisema shangazi.

Aliponijibia hivyo alinitazama mara moja, si kwa kushtaki, bali kwa namna mtu anavyomwachia mwenzake nafasi ya kupita mlangoni. Mimi sikupita. Mdomoni mlikuwa na mkate. Kaka alisema mambo ambayo mtoto hamwambii shangazi yake: kwamba ameleta uganga jikoni, kwamba tulimwamini, kwamba karibu amuue ndugu yake wa tumbo moja. Shangazi aliinua chupa ya chai kutoka sakafuni, akaipanguza chini, akaniwekea mikononi. Kisha akaondoka kwenda kituo cha mabasi. Mimi nilimeza.

Baba alihamia kwa kaka, nami nikamfuata. Daktari alikuwa amempa tumaini moja: kwa kuwa angehitaji mashine Jumatatu na Alhamisi, angeweza kupanda nyumbani kila Ijumaa na kurudi Jumapili, mradi kule juu awepo mtu wa kumpikia kwa kufuata orodha. Kila juma baba aliuliza juu ya hilo. Kila juma kaka alimjibu kwamba kule hakuna mtu wa kuaminika.

Baba naye hakumtetea dada yake. Simu zake hakuzipokea. Nilikuwa namwona akiitazama skrini ikiwaka kwa jina la shangazi, kisha akiigeuza kifudifudi juu ya stuli.

Kila siku nilijiambia nitasema. Nilipanga sentensi. Nilifikiri niseme kwanza kwa kaka au kwanza kwa baba; kama nianze na kosa au na nia; kama kusema nikiwa bado sijatetea tasnifu ni tofauti na kusema baada ya hapo. Niliwahi hata kukokotoa, kwa makadirio ya chini na ya juu, ni sehemu gani ya maangamizi ya figo ilitokana na kikombe changu na sehemu gani ingetokea tu. Hesabu ilikuwa sahihi. Juma la kwanza likapita, la pili, la tano.

Safari ya pwani haikufutwa. Kaka aliona kwamba baba amenyong'onyea na kwamba upepo wa bahari utamfaa, basi akaipachika kati ya mashine na mashine: kuondoka Ijumaa asubuhi, kurudi Jumapili. Shangazi hakualikwa: gari, kaka alisema, limejaa. Tulikuwa wanne.

Kutoka Moshi barabara hupita Same na kuambaa na milima ya Upare upande wa kushoto. Kijiji chetu kiko upande wa pili, unaotazama Mkomazi, kwa hiyo kutoka barabarani mtu huona mgongo wa milima tu. Baba alikaa dirisha la kushoto. Mkonge, vumbi jekundu, mbuzi, mkonge. Aliitazama milima hadi ilipokwisha.

Hotelini mhudumu kijana alitupokea kwa tabasamu na sinia la madafu yaliyotobolewa, kila moja na mrija wake. Niliruka kama mtu anayezuia gari, maana dafu nalo limejaa potasiamu.

"Hapana! Mzee hanywi hilo!"

Mhudumu alirudi nyuma hatua mbili, sinia likayumba.

"Nipe nilishike tu," baba alimwambia. "Kushika kumekatazwa pia?"

Alikaa nalo mapajani robo saa. Wifi yangu alimpiga picha.

Jumamosi mchana kaka na mkewe walikwenda kuoga baharini. Baba na mimi tulibaki kivulini, kwenye viti virefu vinavyomlazimisha mtu kulala. Maji ya kunywa aliyoruhusiwa kwa siku yalikuwa katika chupa ndogo kando yake, nimeyawekea alama kwa kalamu. Mbele yetu kulikuwa na maji mengi kupita kiasi. Alikuwa ameizungusha simu mkononi muda mrefu.

"Ameacha kupiga," alisema. "Majuma mawili sasa."

Sikutumia sentensi hata moja kati ya nilizozipanga.

"Baba, shangazi aliniuliza kwanza. Alinionyesha yale majivu akaniuliza kama yanafaa. Nikamwambia yanafaa."

Hakugeuka. "Ulijua lini kwamba hayafai?"

"Palepale hospitali. Yule dada alipouliza majivu ya nini."

"Kabla shangazi yako hajasema 'mimi'?"

"Kabla."

"Sasa ni juma la ngapi?"

"La saba."

Alinyamaza. Nilimjua mwalimu huyu. Nilijua ukimya wake wa kusahihisha. Huu haukuwa huo.

"Majuma saba," alisema, "nimelala kwa mtoto wangu nikimchukia mtu aliyenipikia." Akanipa simu yake. "Mpigie. Uiweke sauti kubwa."

Iliita mara nyingi. Ilipopokelewa nilisikia kwanza kelele za debe likigongwa na mtu anayepiga mluzi mbali, kisha sauti yake, yenye haraka ya hofu.

"Kaka?"

"Ni mimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Ana nini? Amezidiwa?"

"Hajambo. Yuko hapa." Nikamwambia. Nilimwambia kwamba nimekiri, na kwamba kosa ni langu tangu mwanzo, na kwamba ninaomba msamaha. Debe liliendelea kugongwa.

"Siku ile nilikusubiri pale kituoni," alisema hatimaye. "Basi la kwanza nililiacha. Nikasema, mtoto anameza kwanza, atakuja. La pili nikaliacha pia."

"Shangazi…"

"Mkate ulikuwa wangu."

Baba alininyang'anya simu, akazima sauti kubwa, akaanza kuzungumza Chasu, lugha yetu Wapare. Chasu changu ni cha mtu aliyekulia bweni, nilidaka nusu. Nilisikia akimwomba. Nilisikia neno la nyumba, neno la Ijumaa, na jina la utani ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia. Kisha alisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kwa koo.

Alipokata simu aliifuta skrini kwa pindo la shati.

"Yuko Ndungu," alisema. "Alihama majuma mawili yaliyopita. Analinda mpunga unaokaribia kuiva, anafukuza ndege. Kuku amewagawa. Nyumba ameifunga, funguo ziko kwa jirani."

"Atarudi mpunga ukivunwa?"

"Nimemwuliza. Amesema amenisamehe mimi, na wewe pia amekusamehe. Jiko lile harudi. Anasema hawezi tena kumpikia mtu ambaye kila kijiko atakiangalia mara mbili." Alikohoa kidogo. "Angekuwa bado yuko pale ningepanda Ijumaa ijayo."

Nilisema kitu ambacho nilidhani ndicho kilichobaki cha kusemwa. "Nitaahirisha masomo, baba. Nitapanda mimi. Nitakupikia mimi."

"Hapana," alisema. Hakusema kwa ukali. "Wewe usinipikie."

Kaka nilimwambia jioni hiyohiyo, kwenye maegesho ya magari. Alisikiliza akiwa na taulo shingoni, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akaenda kukaa ndani ya gari lake peke yake, mlango wazi, bila kuwasha kitu. Sijui kama amewahi kumpigia shangazi. Sijamwuliza.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya safari, tulikaa wanne mezani. Watu walipita na sahani zilizojaa maembe, mapapai na ndizi. Daftari lilikuwa katika mkoba wangu, sikulitoa. Baba aliinuka mwenyewe, akaenda polepole hadi kwa mpishi aliyesimama nyuma ya masufuria, akainama ili amsikie vizuri.

"Mwanangu, uji huu umetiwa nini?"

Mpishi alianza kumtajia. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia, na majibu niliyajua yote. Nilibaki nimekaa, mikono juu ya kitambaa cha meza, nikimwangalia baba akirudia kila neno kwa sauti ndogo, akikunja kidole kimoja baada ya kingine, ili asisahau.